Johnny, Laokolé, na sisi wa mlangoni



Tangu mwanzo wa muhula huu kuna kitabu kimoja kinachotembea katika masomo yetu bila kupumzika. Kifuniko chake kimekwisha kupasuka, kimevikwa karatasi ya gazeti. Kinasomwa wakati wa mapumziko, kinasomwa chini ya daftari ya jeografia, na tunasikia kinasomwa hata wakati wa ibada ya asubuhi, jambo ambalo hatulisifu hata kidogo. Kinaitwa «Johnny chien méchant», ni kusema Johnny mbwa mkali.

Kisanduku chetu cha barua, ambacho kwa desturi kinapokea mafumbo na malalamiko juu ya maharagi ya saa sita, sasa kimejaa maoni juu ya kitabu hiki kimoja. Wengine wanakisifu kupita kipimo. Wengine wanaomba kitolewe katika maktaba, na mmoja anataka kichomwe. Tena, neno moja la kuumiza limezaliwa katika kiwanja chetu kwa sababu yake, tutalisema mbele. Njo maana kamati ya kikaratasi hiki imeketi, imesoma barua zote, na leo tunatoa mawazo yetu sisi.

KITABU CHENYEWE

Kwa wale ambao zamu yao haijafika, tueleze kwa ufupi. Mwandishi ni Emmanuel Dongala, mtu wa Congo ya ng'ambo ya mto, Congo-Brazzaville, aliyezaliwa mwaka 1941. Wanafunzi wa kemia wafurahi: huyu bwana alikuwa mwalimu wa kemia, alifundisha miaka mingi katika université ya Brazzaville. Mwaka 1997 vita vililipuka katika mji ule. Wakubwa wa siasa kila mmoja alikuwa na vijana wake wenye bunduki, na vikosi vyao vilijiita Cobras, Ninjas na Cocoyes. Dongala na jamaa yake walikimbia kama watu wote. Kisha rafiki zake wa Marekani, mmoja wao mwandishi Philip Roth, walimsaidia kufika kule, akapata kazi ya kufundisha katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 2002 kitabu hiki kilitokea Paris. Mwaka 2008 kikatengenezwa filamu, iliyopigwa katika inchi ya Liberia na vijana ambao wengi wao walikuwa wameonja vita wenyewe.

Kwa hiyo, mwandishi hakukaa tu kwenye kiti akabuni habari ya wakimbizi. Alikuwa mkimbizi.

Habari yenyewe inapita katika inchi isiyotajwa jina. Generali mmoja, anajiita Giap, anatangaza kwamba vijana wake wako na saa 48 za kupora mji. Kuanzia hapo tunafuata watu wawili, na wote wawili wako na miaka 16. Wa kwanza ni Laokolé, msichana wa shule mwenye akili, binti wa fundi wa kujenga nyumba. Alikuwa anasaidia baba yake katika kazi, na anaota kuwa injinia. Baba amekwisha kuuawa. Mama hawezi kutembea, maana miguu yake iliharibiwa na askari katika uporaji wa zamani. Basi Laokolé anamweka mama katika toroli, ile tunaita hapa brouette, anamshika ndugu yake mdogo Fofo, na anaanza kusukuma. Wa pili ni Johnny, kijana wa kikosi, mwenye bunduki, mwenye kuvaa hirizi, mwenye kujisifu. Yeye ndiye anapora, anashika wanawake kwa nguvu, anaua.

Sura moja anasema Laokolé, sura nyingine anasema Johnny. Wanapita karibu na karibu mara nyingi bila kujuana. Wewe msomaji ndiye unajua, wao hawajui.

WALIYOTUANDIKIA

Hatuwezi kupiga barua zote kwenye stansili, karatasi ni chache. Tunatoa zile ambazo zinabeba mawazo ya wengi, na tunaziacha kama zilivyoandikwa.

Kijana wa mwaka wa nne: «Johnny njo mutu ya mayele. Nilicheka mpaka mama akaniuliza kama niko na malaria. Muongeze vitabu bya vile!»

Dada wa mwaka wa tano: «Mi nilianza kuruka sura za Johnny, nafwata tu Laokolé. Kisha nikaona haiwezekane, sababu nikiruka sijue tena hatari inatokea wapi. Nikarudia kusoma yote, na woga.»

Mwingine, hakuandika darasa lake: «Ile ni kitabu ya bachafu. Matusi mingi, mambo ya kitanda mingi. Haifai kuingia ku masomo ya Kanisa.»

Kijana wa mwaka wa sita, mwenye kupenda hesabu: «Mwisho inaenda mbio sana. Mutu ya bunduki anaangushwa na kitabu? Ni bongo.»

Na barua moja ya mistari miwili tu, bila darasa, mwandiko wa kitoto: «Sikuimaliza. Mi najua ile njia.»

Barua hii ya mwisho ilitunyamazisha. Tutairudia.

MAWAZO YETU

Ya kwanza, juu ya ufundi wa kitabu. Tunakubaliana na dada wa mwaka wa tano, na tunamwambia kwamba amegundua siri ya kazi yote. Katika vitabu vya upelelezi ambavyo wengi wetu tunanunua kwa bei ndogo pale chini sokoni, vile vya Hadley Chase na vya SAS, woga unatoka kwa jambo lisilojulikana: nani aliua, nani yuko nyuma ya mlango. Hapa ni kinyume. Tunajua nani yuko nyuma ya mlango. Tunamsikia akijisifu, tunajua anakunywa nini, anaelekea barabara gani. Ni Laokolé asiyejua, naye anasukuma brouette yake kuelekea kule kule. Tunataka kumpigia kelele: «Rudi! Pita ngambo ingine!» Lakini kitabu hakisikii. Woga wa namna hii ni mkubwa kupita ule wa kuficha jina la muuaji mpaka page ya mwisho, maana unatufanya sisi wasomaji kuwa mashahidi.

Tena kuna jambo la mbio zenyewe. Katika filamu, mtu anayekimbia ni mwepesi: anaruka ukuta, anapanda pikipiki. Laokolé hawezi kuruka ukuta. Yuko na mama ndani ya brouette, yuko na mtoto mkononi, na barabara imejaa watu, magodoro, masufuria na mbuzi. Mbio yake ni ya polepole, na hiyo polepole ndiyo inakaza roho. Katika msongamano ule Fofo anapotea. Mwandishi hakuhitaji kuongeza majini wala vituko. Uzito wa brouette unatosha.

Ya pili, juu ya kumcheka Johnny. Tuseme wazi: na sisi wa kamati tulicheka. Ni vigumu kutocheka. Huyu kijana alifika darasa la chini kabisa akaacha, lakini anajihesabu kuwa intellectuel wa kikosi. Anatafuta jina la kuogopesha watu, anajiita Matiti Mabé, ni kusema majani mabaya. Wenzake wanamcheka kwamba majani si kitu. Basi anakasirika, anatafuta jina lingine, njo anakuwa Chien Méchant. Anapopora nyumba anachukua pia vitabu, anavipanga nyumbani kwake kama mtu mwenye maktaba.

Lakini munaona vile mwandishi anatutega? Tunacheka page hii, page inayofuata yule tuliyekuwa tunacheka naye anaua mtu mbele ya watoto wake, na sauti yake ni ile ile, ya furaha. Kicheko kinabaki kimekwama kooni. Kijana wa mwaka wa nne, tunakuomba kwa upole: soma tena sura moja ya Johnny, yoyote, na jiulize kicheko chako kiliishia wapi. Kama hakikukwama popote, hapo kuna kazi. Sisi tunaona kwamba mwandishi alimpa Johnny maneno ya kuchekesha kusudi tusimwone kama shetani wa mbali. Ni kijana kama sisi. Anapenda mpira, anapenda muziki, anapenda kusifiwa. Alikosa masomo, akapewa bunduki.

Hapa Lubumbashi hatuna haki ya kusema kwamba Johnny ni habari ya wengine. Wazazi wetu walimwona. Mji huu ulipoingiliwa na AFDL mwezi wa ine wa mwaka 1997, wengi wa wale waliokuja wakitembea kwa miguu na bunduki mabegani walikuwa watoto, na jina lao lilitoka katika Kiswahili chetu wenyewe: kadogo. Neno tamu la mama kumwita mtoto wake wa mwisho, likageuka kuwa jina la askari. Na mwaka 2012 tribunal ya La Haye, ile ya mataifa, ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, nayo ilikuwa juu ya mtu wa inchi yetu, Thomas Lubanga wa Ituri, kwa kosa la kuingiza watoto chini ya miaka 15 katika vita. Alipewa miaka 14 ya gereza. Hii si mambo ya kitabu peke yake.

Tena muangalie majina ya makabila mawili yanayouana katika kitabu: Mayi-Dogo na Dogo-Mayi. Ni maneno mawili yale yale yamegeuzwa. Mwandishi anatuambia kwa mchezo jambo ambalo wahubiri wetu wanalisema kwa nguvu: tofauti ambayo kwa ajili yake munauana, mtoto anaweza kuigeuza kwa ulimi wake akicheza. Na anayekuja kuwafundisha akina Johnny kuchukia jirani zao si mjinga. Ni mtu wa vitabu, mwenye kusema Kifaransa kizuri. Sisi tunaotafuta diploma tuandike hilo mahali.

Ya tatu, juu ya uchafu. Huyu ndugu aliyeandika kwamba kitabu ni cha «bachafu», hatumcheki. Ni kweli matusi yamo, na ukatili juu ya wanawake umo, na unasemwa bila kitambaa. Dada wawili walituambia kwamba kuna kurasa walizifunga wakaenda kutembea kwanza. Hatuoni kama mtoto wa mwaka wa kwanza anafaa kupewa kitabu hiki.

Lakini kukichoma, hapana. Tunamkumbusha ndugu yetu asome Waamuzi sura ya 19, asome mpaka mwisho, kisha atuambie kama Bibilia imeficha mambo ambayo wanaume wanawatendea wanawake wakati sheria haiko. Haikuficha. Iliyaandika kusudi watu wauliize: tumefika wapi? Uchafu wa kitabu unapimwa kwa njia hii: kinataka upende jambo baya, ao kinataka ulione? Vitabu vya SAS, ambavyo vinasomwa katika internat bila mtu kuandika barua, vinataka upende. Kitabu cha Dongala kinataka uone. Sisi kamati tunaona tofauti kubwa.

Ya ine, juu ya mwisho. Ambaye hajasoma aruke sehemu hii, asije kutulaumu.

Johnny mwishoni anamshika Laokolé na kumpeleka nyumbani kwake, kule kwenye vitabu vyake vya kuporwa. Msichana hana silaha. Kilicho karibu na mkono wake ni Bibilia nene, mojawapo ya vitabu vile. Anamtupia kichwani, Johnny anaanguka, na Laokolé hamwachi ainuke tena. Barua zilikuwa nyingi juu ya jambo hili kuliko juu ya mambo yote mengine. Mmoja anasema ni kufuru. Mwingine anasema ni haki ya Mungu. Kijana wa hesabu anasema ni bongo, maana kitabu hakiwezi kushinda bunduki. Tunamjibu kwamba hajapima Bibilia ya kale yenye kifuniko cha ngozi.

Swali zuri zaidi lilitoka kwa dada mmoja wa kikundi cha waimbaji. Aliandika hivi: Daudi naye alikuwa kijana mkimbizi, na Sauli alimwinda kama ndege wa mlimani. Katika pango la En-Gedi, 1 Samweli sura ya 24, Sauli aliingia peke yake, na Daudi alikuwa na nafasi ya kumuua. Alikata tu pindo la nguo yake, akamwacha aende. Basi kwa nini Laokolé asifanye vile?

Tulibishana jioni nzima. Jibu letu ni hili. Daudi pangoni alikuwa na watu wake. Sauli ndiye alikuwa mikononi mwake, si yeye mikononi mwa Sauli. Laokolé alikuwa amefungiwa na mtu anayetaka kumharibu na kumuua, na hakuna mtu wa kumwita. Hatusemi kwamba kuua ni vizuri. Mwandishi pia hamvalishi msichana taji. Baada ya tendo lile hakuna ngoma. Kuna mtoto mdogo wa kike ambaye Laokolé alikuwa amemwokota katika vita, na anamrudia yule mtoto na kumpa jina, Kiessé, maana yake furaha. Huo ndio mwisho. Anayekumbuka Bibilia iliyotupwa na kumsahau Kiessé, hakumaliza kitabu.

Lakini kuna jambo moja ambalo katika barua zote hakuna aliyeliandika, na kwetu sisi ndilo kiini.

MLANGO

Tunauliza: kwa nini Laokolé alifika mikononi mwa Johnny? Alikimbia vibaya? Hapana. Alikuwa na akili, alikuwa na nguvu, alijua kuficha, alijua kujenga. Muhesabu milango katika kitabu. Watu wanakimbilia kwenye ma-ambasade, na kwenye kiwanja cha HCR, ile ya Umoja wa Mataifa. Wanasongamana pale kwa maelfu. Kisha askari wa kigeni wanakuja na magari, nao wanakuja kuchukua wageni tu. Wakimbizi wanakimbia nyuma ya magari. Msafara unarudi, watu wanashangilia, kumbe umerudi kwa sababu bibi mmoja amesahau mbwa wake mdogo. Na katika kurudi huko Mélanie, rafiki mpenzi wa Laokolé, anakanyagwa na gari. Baadaye katika pori helikopta zinakuja kuokoa nyani wakubwa, ma-gorilla, na nafasi ya watu haiko. Kuna mwanamke mmoja mweusi wa Marekani, Tanisha, ambaye anajaribu kweli kufungua mlango. Mmoja.

Njo maana tunasema: katika habari ya mkimbizi, mbio peke yake haiokoi. Kinachookoa ni mlango, na mtu aliye nyuma ya mlango. Torati ilijua hivyo zamani. Katika Hesabu sura ya 35 Waisraeli waliambiwa watenge miji sita ya makimbilio, tatu upande huu wa Yordani na tatu upande ule, kusudi anayekimbia apate mahali karibu. Bwana Yesu mwenyewe, Matayo sura ya 2, alibebwa usiku akiwa mtoto kukimbilia Misri. Hatujui jina la mtu wa Misri aliyewafungulia. Lakini kuna mtu alifungua.

Kama Laokolé angefunguliwa mlango mmoja katika ile milango yote, Bibilia ingebaki kwa kusomwa.

Sasa tunarudia barua ya mistari miwili: «Sikuimaliza. Mi najua ile njia.» Wapendwa, aliyeandika hii yuko hapa. Anaketi katika darasa mojawapo. Katika masomo yetu kuna wenzetu waliotoka Mitwaba na Pweto, ambako jamaa zao walikimbia mara mbili ao mara tatu. Kuna wengine waliofika kutoka Kivu, baada ya Goma kutwaliwa na M23 mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 na Bukavu mwezi wa pili. Na tangu kitabu hiki kianze kutembea, wameanza kuitwa jina. Wanaitwa «ba-brouette». Tulisikia kwenye kiwanja cha mpira: «Pitisha kwa brouette!» Tulisikia kwenye bomba ya maji: «Ba-brouette nyuma!» Wanaosema wanacheka. Wengine waliosema wamesoma kitabu chote, page kwa page, na walimlilia Laokolé.

Hapo ndipo tunasimama. Unawezaje kumlilia msichana wa karatasi usiku, na asubuhi kumsukuma nyuma ya bomba msichana wa mwili? Hiyo si kusoma. Hiyo ni kutazama moto wa nyumba ya jirani kwa kuwa unaleta joto.

Tena hakuna jamaa nyingi katika mji huu ambazo hazijawahi kukimbia, ao kukimbiliwa. Muulize nyumbani. Mwaka 1992 na 1993, huko Likasi na Kolwezi, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, wakalala kwenye gare wiki na miezi wakingojea treni, na wengi walikufa pale pale, watoto kwanza. Wale waliofukuzwa walikuwa wamezaliwa hapa, wamesoma hapa, wamezika wazazi wao hapa. Mayi-Dogo, Dogo-Mayi. Na tarehe 23 ya mwezi wa tatu mwaka 2013, Bakata Katanga walipoingia Lubumbashi na mishale na bunduki, sisi wa mji huu tulionja dakika kidogo za maisha ya Laokolé: milango kufungwa, watoto kutafutwa, watu kulala chini kwenye sima. Wale walioingia, wao wenyewe walimaliza mbio yao kwenye kambi ya MONUSCO, wakiomba kufunguliwa. Kati yao kulikuwa na watoto. Siku ile moja Johnny na Laokolé wote wawili walikuwa wanatafuta mlango.

TUNAYOOMBA

Kwanza, kwa wakubwa wa masomo, kwa heshima yote: tunaomba kitabu kisitolewe katika maktaba. Kiwekwe kwa wanafunzi wa miaka ya mwisho, na mwalimu wa Kifaransa atupe saa moja ao mbili za kukizungumza pamoja, wavulana na wasichana. Kitabu cha namna hii kikisomwa kwa kujificha, kinabaki na matusi yake tu. Kikisomwa pamoja, kinaacha maswali.

Pili, kwa wale wanaokishika sasa: mukirudishe. Wengine wanangojea tangu wiki tatu. Na musiandike pembeni mwa page. Tumekuta «Johnny wa kweli ni mimi» imeandikwa na bic nyekundu. Aliyeandika hivyo amechagua upande bila kujua.

Tatu, na hii hatuiombi, tunaisema: neno «brouette» liishe. Liishe kwenye mpira, liishe kwenye bomba, liishe katika internat. Ile brouette katika kitabu ni kitu cha heshima. Ndani yake kulikuwa mama wa mtu, na aliyeisukuma alikuwa mtoto wa miaka 16 ambaye hakutaka kumwacha. Wangapi kati yetu tungesukuma mpaka mwisho? Anayetaka kulitumia neno lile, alitumie kwa kusifu, ao anyamaze.

Nne, kwa mwenzetu wa mistari miwili. Hatutafuti kujua wewe ni nani, na tunawaomba wote wasitafute. Huna deni la kumaliza kitabu. Huna deni la kutueleza njia yako. Lakini siku ukitaka kuieleza, kwa mdomo ao kwa kalamu, na jina ao bila jina, kikaratasi hiki kitakuwa na nafasi kwa ajili yako, hata kama ni kwa kutoa mafumbo na matokeo ya mpira.

Basi, wasomaji wetu, mulituuliza: kati ya Johnny na Laokolé, nani ndiye mtu mkubwa wa kitabu? Wengi wetu hatutakuwa Johnny, Mungu atulinde. Wengi wetu, tunaomba, hatutakuwa Laokolé. Lakini karibu kila mmoja wetu, siku moja, atasikia mtu akipiga hodi amechoka, na vumbi miguuni, na mzigo asioweza kuutua. Kitabu hakikuandika sura ya mtu huyo wa mlangoni. Hiyo inabaki kwetu.

Maoni mengine mulete kwenye kisanduku, karibu na chumba cha waalimu, mbele ya siku ya tano. Muandike upande mmoja wa karatasi, na mwandiko wa kusomeka.

Kamati ya kikaratasi